Turubai la Usiku wa Nuruni

Nchi ya Nuruni nilikaa miezi mitatu, na mtu wa kwanza kunisemesha kule aliniuliza kama nimekula. Nalisema hili mapema ili anayesoma asije akadhani nawasimulia watu wabaya. Si watu wabaya. Ukipita na mzigo wanakupokea. Mtu akiugua siku mbili, ya tatu uji unamfuata kitandani. Mimi shule yangu iliishia darasa la saba, sikwenda kule kumpima mtu. Nilikwenda kujifunza kushona, na niliyoyaona nayaandika kama nilivyoyaona.

Nilifikia kwa Bibi Loisi, mjane, fundi cherehani, mwembamba kama uzi wake. Aliishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, na cherehani ilikuwa kwenye chumba cha mbele, karibu na dirisha. Ndiyo iliyomlisha tangu mumewe afe.

Jambo la kwanza nililoliona Nuruni ni zile amri. Kila nyumba ina amri kumi za Mungu, lakini hazikai kwenye ubao mmoja. Kila amri ina kibao chake, na mwenye nyumba hupachika anapoona panafaa. Amri ya kutoiba niliikuta juu ya kila mlango wa mbele, kwa rangi nyekundu, herufi kubwa za kusomeka tangu barabarani. Amri ya kutoua, nyumba nyingi wameiweka nyuma ya mlango, pale fagio linapokaa. Nilimuuliza Bibi Loisi sababu.

"Hii ya kuiba ni ya wapita njia, mjukuu wangu," akasema. "Ile nyingine ni ya sisi wa ndani, na sisi tunaijua."

Jambo la pili ni kalenda. Kalenda ya Nuruni ina visanduku vyeusi vilivyochomekwa katikati ya siku, kama punje za choroko kwenye mchele. Nilihesabu ya mwaka uliopita, nikahesabu tena. Siku zilikuwa mia tatu sitini na tano. Usiku ulikuwa mia tatu sabini na tisa.

Maana yake niliipata siku niliyotumwa kupeleka kitambaa. Bibi Loisi alikuwa ameshona kipande cha turubai jeusi, kizito, akanitwisha nimpelekee Bwana Sosthene ofisini. Bwana Sosthene ni Karani wa Usiku, mtu mpole, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina makali. Alikipima kipande kwa futi, akapiga mhuri kwenye daftari, akaniona namtazama.

"Mgeni, hili hulijui," akasema. "Kaa nikueleze. Sheria ya kale ya Maandiko inasema mwizi akikutwa usiku anavunja nyumba, akapigwa akafa, aliyempiga hana damu mikononi. Lakini jua likishamchomozea huyo mwizi, aliyempiga ana damu. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, baba."

"Sasa wezi wa siku hizi wanaiba mchana. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningempeleka kituoni."

Akatabasamu kama mtu anayemwonea huruma mtoto. "Kituo kiko mwendo wa siku nzima. Ukimpeleka Jumatatu, Alhamisi unapanga naye foleni sokoni, na anakuamkia. Basi wazee wetu, watu wa sala, wakakaa chini wakaona hivi: sheria ya Mungu hatuwezi kuibadili hata nukta. Lakini usiku tunaweza kuuleta."

Wanauleta kwa turubai. Wanasimamisha nguzo uwanjani kama za arusi, wanalitandika juu na kulishusha pande zote mpaka chini. Mwizi anawekwa ndani amefungwa. Kisha aliyeibiwa, na si mtu mwingine, anaingia na kuwasha taa ya chemli, kwa kuwa hakuna mwenye akili zake awashaye taa mchana. Taa ikiwaka, Karani anatangaza kuwa ni usiku, Mwinjilisti anaomba sala ya kulala, watu wanatakiana usiku mwema, halafu wanaingia na mawe. Kazi ikiisha turubai linakunjwa, nao wanaulizana, "Umelalaje?" na kujibu, "Salama." Lililotokea mle huitwa ndoto. Mama wa aliyekufa hupewa pole ya ndoto mbaya.

"Na kwenu je?" akaniuliza Bwana Sosthene. "Kwenu mnatumia kitambaa gani?"

"Kwetu hatuna turubai."

"Mnatumia nini mchana?"

"Hatutumii kitu. Tunafanya tu."

Akaweka kalamu mezani. "Mchana kweupe? Mnaonana?"

"Tunaonana."

"Na Jumapili mnakwenda kanisani?"

"Tunakwenda, baba."

Akasema taratibu, kwa moyo wake wote, "Poleni sana."

Nilirudi kwa Bibi Loisi bila kuinua uso.

Turubai lile, nilikuja kujua, zamani lilikuwa dogo, la kumfunika mwizi tu. Halafu mwalimu mmoja wa shule ya Jumapili akauliza: mwizi yuko usiku, sawa, lakini wanaorusha mawe si wamesimama juani? Watu wakafunga siku tatu kwa hofu. Tangu hapo likawa linaongezwa mwaka hadi mwaka, ili kila mwenye jiwe apate pa kusimama. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye mafunzo ya Jumamosi nikasikia mjadala wa matundu. Turubai lilikuwa limetoboka toboka, na watu wazima, wenye wajukuu, walibishana kutwa: jua likipenya kwenye tundu la sindano likamwangukia mwizi begani, je, bega hilo lina damu? Wengine walisema lina. Wengine walisema bega peke yake halihesabiki. Mwinjilisti Abdieli, mzee wa miwani minene na kikohozi, aliwasikiliza wote, kisha akasema kwamba kwa usalama wa roho zetu matundu yazibwe. Bibi Loisi akaletewa viraka.

Alikuwa ameshona turubai lile miaka kumi na tisa. Nilimuuliza siku moja tukipanga uzi kama amewahi kwenda kuliona likisimamishwa.

"Mimi naletewa vipimo tu," akasema. "Mshona sanda haendi kila msiba."

Basi ikaja Jumatano moja. Jumatano akina mama wa Nuruni wana maombi asubuhi, nami nilikuwa nimefuatana na Bibi Loisi. Tuliporudi tukakuta komeo limevunjwa. Meza ya cherehani ilikuwepo na pedeli yake, lakini kichwa chake hakipo. Gauni dogo la ubatizo alilokuwa akilishona lilikuwa sakafuni, na juu yake alama ya ndala.

Bibi Loisi aliketi kitandani. Alilia bila sauti, mabega tu ndiyo yalitikisika. Kisha akainuka, akatoka mpaka barabarani, akapiga kelele ya mwizi. Nilikuwepo, sitamfichia. Aliipiga mara tatu, na mara ya tatu sauti ikapasuka.

Mwizi alikamatwa darajani, cherehani kichwani. Walimsukuma, cherehani ikaanguka juu ya mawe, gurudumu lake likavunjika vipande viwili. Tulipofika uwanjani nguzo zilikuwa zimekwisha simama. Baba Kezia, muuza nyama, mtu mnene mwenye sauti ya chini, ndiye aliyemshika mwizi ukosi wa shati. Mwizi mwenyewe alikuwa mwanamume wa kama miaka thelathini, mdomo umevimba. Walimwingiza chini ya turubai, wakatoka, wakamsubiri mwenye mali.

Bwana Sosthene alimkabidhi Bibi Loisi chemli na kiberiti kwa mikono miwili, kama anayempa mtoto mchanga. Bibi akavipokea. Akanishika mkono. "Twende wote," akaninong'oneza. "Peke yangu nitaanguka." Karani akaniruhusu nimshike tu, kuwasha awashe yeye.

Ndani kulikuwa giza kweli. Alikuwa ameishona vizuri kazi yake. Kulinuka vumbi na kitambaa kizito, na kitu kingine ambacho hakitoki hata kikifuliwa. Tulimsikia yule mtu akipumua kabla hatujamwona. Bibi Loisi akachutama, akaweka taa chini, akatoa njiti.

"Shikamoo, bibi," ikasema sauti mbele yetu.

Aliisema kama mtu anayepita zake njiani asubuhi. Nafikiri ilimtoka tu, kwa mazoea, kwa kuwa macho yake yamekwisha zoea giza na ameona mkubwa ameinama mbele yake.

"Marahaba," akasema Bibi Loisi. Naye ilimtoka tu.

Ile njiti hakuiwasha.

"Wewe ni wa nani?" akauliza Bibi.

"Wa mzee Amoni, wa kule bondeni. Naitwa Eliudi."

"Kwa nini umeniibia, Eliudi?"

"Nilijua mko kwenye maombi."

"Sikukuuliza ulijuaje."

"Nilitaka kuuza."

"Ulikuwa na njaa?"

"Njaa ilikuwepo, bibi, lakini si kubwa. Ni tamaa pia. Nilichoka kuwa mtu wa kuomba omba, nikaona yako iko dirishani."

Alimwambia kweli, na nadhani hiyo kweli ndiyo iliyomuumiza Bibi zaidi, kwa kuwa mtu wa njaa ni rahisi kumsamehe. Alibaki amechutama na njiti mkononi. Nje Bwana Sosthene akakohoa. "Bibi, bado?"

"Kiberiti kimelowa?" akasema Baba Kezia. "Vipo vingine."

Bibi Loisi akairudisha njiti kwenye kiberiti. Akaniegemea, akainuka, tukatoka. Jua lilitupiga machoni. Uwanja mzima ulikuwa umejaa, na kila mtu ana jiwe lake, wengine wameyafunga kwenye leso ili yasiwachafue.

"Sijawasha," akasema. "Ameniamkia."

"Amefanyaje?"

"Ameniamkia, nami nimeitikia marahaba. Sasa nitawashaje taa?"

"Bibi, hata mimi ng'ombe akiniamkia nitamwitikia," akasema Baba Kezia, "kisha namchinja."

Watu wakacheka.

"Wewe umezoea ng'ombe, Baba Kezia. Ng'ombe haamkii mtu."

Wakacheka tena, lakini Baba Kezia hakucheka. Alilibadilisha jiwe kutoka mkono huu hadi ule. "Bibi, usinifanye mimi ndiye mwovu," akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mwaka juzi watu wa aina hii walimkata mama Kezia panga la mkono. Mkono ule haufungi kanga mpaka leo. Usiku anaamka anauliza mlango umefungwa. Nani alikuja na marahaba kwangu?"

Bibi Loisi alimsogelea.

"Mkono wa mama Kezia naujua," akasema. "Mimi ndiye namshonea vifungo mbele ili aweze kujivika. Siku walipouawa wale waliomkata, nilifurahi, baba. Nilikuwa nashona upande ule wa kushoto wa turubai, nikaimba jioni nzima. Kisha wiki iliyofuata mkeo akaja kupimwa, nikaushika mkono. Uko vile vile."

Baba Kezia akatazama pembeni.

Bwana Sosthene alikuwa anapekua daftari lake kwa haraka. "Salamu ya mwizi haimo," akasema. "Haikukatazwa wala haikuruhusiwa. Mwinjilisti, tuamulie. Salamu inazuia usiku?"

Mwinjilisti Abdieli alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa koti, akaivaa, akaivua tena. Nilimwona ni mzee kuliko nilivyodhani.

"Kila Ijumaa Kuu nawahubiria yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana," akasema. "Hakusingiziwa yule. Alikiri mwenyewe kwamba anastahili. Na ilikuwa mchana, saa sita, kukawa giza juu ya nchi yote. Giza lile hakulileta mtu kwa nguzo." Akakohoa, tukamsubiri. "Basi mchana ule mwizi alimsemesha Bwana, na Bwana akamwitikia. Hakumnyamazia."

"Kwa hiyo?" akauliza Karani.

"Kwa hiyo sijui, Sosthene. Miaka yote nimekuwa nikitoka pale msalabani nakuja hapa kuwaombea sala ya kulala, wala sikuona kama ni njia moja."

Akaketi chini, palepale kwenye vumbi na koti lake la Jumapili.

Mtu mmoja kutoka nyuma akasema kwamba basi taa iwashwe na mwingine, kazi zinangoja. Bwana Sosthene akakataa. Sheria ni sheria: taa ni ya mwenye mali. Bila taa si usiku, na bila usiku ni damu. Hapo ndipo nilipoona kwamba woga wao ulikuwa wa kweli. Watu wale waliogopa damu kuliko watu wowote niliowahi kukaa nao. Ndiyo maana walishona turubai kubwa kiasi kile.

"Lakini Bibi, nisikufiche," akasema Karani, na alionekana anahuzunika kwelikweli. "Kuna kifungu. Aliyeibiwa asipowasha taa, siku nyingine akipiga kelele ya mwizi hatasikiwa. Hakuna atakayetoka. Wewe unaishi peke yako. Huyu msichana ataondoka. Fikiri."

Bibi Loisi alifikiri. Sikuwahi kumwona mtu akifikiri mbele ya watu wengi hivyo. Alitazama mikono yake, akaitazama njia ya kwenda nyumbani kwake, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba.

"Nilizopiga leo zinatosha," akasema. "Andika."

Karani akaandika. Turubai likaondolewa, na kwa kuwa usiku haukuwa umetangazwa, mwizi alionekana amekaa katikati ya uwanja, mchana kweupe, anapepesa macho. Watu hawakujua waondokeje. Desturi ni kuulizana mtu amelalaje, na hakuna aliyekuwa amelala. Walisimama wakitazamana, mawe mikononi. Mwishowe mama mmoja akamwambia jirani yake, "Habari za mchana?" na jirani akasema, "Nzuri," na wakaanza kuondoka, mmoja mmoja, wakiyaacha mawe kando ya njia.

Ile sheria ya kale, kumbe, ina maneno mengine mbele yake ambayo Bwana Sosthene ilimbidi ayatafute, kwa kuwa ukurasa ule haukuwahi kusomwa. Mwizi aliyechomozewa na jua anapaswa kulipa. Asipokuwa na kitu, auzwe kwa wizi wake, nao wakaona maana yake ni alipe kwa kazi. Eliudi hakuwa na kitu.

Nisidanganye kwamba Nuruni iligeuka. Mwezi uliofuata taa iliwashwa kwingine, na kipande kipya cha turubai kilishonwa na fundi mwingine, maana Bibi Loisi alirudisha vipimo. Majirani wawili walipita mlangoni kwake wiki mbili bila kumsalimu. Mwinjilisti Abdieli alisema anaumwa kifua, hakwenda kuomba sala ya kulala, na sijui kama kifua ndicho kilichomuuma. Mama Kezia alikuja kupimwa nguo, akakaa muda mrefu kuliko kipimo kinavyohitaji, akaondoka bila kusema alichokuja kusema.

Na Eliudi, jioni ileile, alianza kazi. Gurudumu la cherehani likishavunjika, pedeli haivuti kitu. Lazima mtu azungushe ekseli, kile chuma kinachobaki gurudumu likitoka, kwa mkono wakati fundi anaongoza kitambaa. Gauni la ubatizo lilitakiwa Jumapili. Bibi alilifua, ile alama ya ndala ikatoka, akalianika, likakauka. Eliudi akaketi kwenye kigoda upande wa kulia, kitambaa cha maji ya chumvi kimefungwa kwenye ule mdomo uliovimba, akashika chuma. Alizungusha kwa nguvu mno, uzi ukakatika.

"Polepole," akasema Bibi Loisi. "Hakuna anayekufukuza hapa."

Akazungusha polepole. Nilikaa mlangoni nikiwatazama. Bibi hakumtazama usoni hata mara moja, na mara mbili nilimwona akisogeza mkasi upande wake mwenyewe, mbali na Eliudi. Alikuwa anamwogopa. Lakini mshono ulikuwa unakwenda, na walipofika kwenye mkono wa gauni, ambapo panataka umakini, Eliudi aliacha kuzungusha bila kuambiwa, akasubiri Bibi akunje kitambaa, kisha wakaendelea.

Jua lilipokaribia kuzama Eliudi akainuka kwenda kwao. Alifika mlangoni, kwenye lile komeo alilolivunja, akasimama.

"Bibi, kesho nikija."

"Eh."

"Nipige hodi?"

Bibi Loisi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alikosea tundu, akalowesha uzi mdomoni, akajaribu tena.

"Utapiga hodi," akasema. "Nami nitasema karibu. Siku nisipoitika, ujue niko kwenye maombi. Ukae hapo kizingitini unisubiri."

Jumatano iliyofuata tulitoka kanisani na Bibi Loisi akawa anatembea haraka kuliko kawaida yake, hasemi. Tulipokata kona ya mwisho nikamsikia akishusha pumzi. Eliudi alikuwa amekaa kizingitini, mgongo mlangoni, mkono mmoja ameunyoosha nyuma ya kichwa anaushikilia mlango usifunguke, kwa kuwa kulikuwa na upepo, na komeo lilikuwa bado halijatengenezwa.